Mnada Chini ya Maji

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute u mzima, miguu haikuumi kwa kusimama darasani kutwa nzima, na baridi ya huko imepunguza ukali. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto bado linatabiri mvua, na mara nyingi linakosea. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, tunamtarajia mwisho wa juma. Mwanangu Kasuku hajambo kabisa. Jino la mbele limeng'oka, lakini mdomo haujapunguza kasi hata kidogo. Mimi mwenyewe ni mzima, kwa kiasi ambacho nitakueleza nikifika mbele. Na Baba hajambo, Dada. Neno hili naliandika taratibu kwa sababu ni muda mrefu sijaliandika kwa moyo mweupe. Baba hajambo.

Ujumbe wako niliupata. Ulikuwa wa mstari mmoja tu, lakini niliusoma nikausoma tena, maana tulikuwa tumepoteana. Umeuliza kama ni kweli aliyokwambia Mama, kwamba tulikwenda baharini kuogelea juu ya matumbawe na mimi nikaingia majini, na kama ni kweli, ilikuwaje nikakubali. Basi nimekaa hapa karakana, wenzangu wamekwenda kula, meza nimeipangusa vumbi la mbao, nakujibu.

Una haki ya kushangaa. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono nikiogeshwa kwenye beseni, kwa jinsi nilivyokuwa nikipiga kelele utadhani natupwa kisimani. Mtu wa namna hiyo kwenda kuelea mahali ambapo miguu haigusi kitu, lazima liwepo jambo. Lipo. Lakini nikilitaja sasa hivi hutanielewa, kwa hiyo niwie radhi nianzie mbali kidogo.

Habari za operesheni ya Baba unazo, ila hujaishi nazo. Ule uvimbe wa shingoni ulitolewa salama, na tunamshukuru Mungu na madaktari, kwani ungeachwa tungekuwa tunasema mengine. Lakini mshipa wa sauti uliguswa. Daktari alitueleza kwa upole kwamba sauti haitarudi kama ilivyokuwa. Baba, dalali aliyepewa jina la Mara-ya-Tatu kwa sababu akinadi kabati hata watu wa mtaa wa pili walijua limefika bei gani, amebaki na mnong'ono. Mama anasema ni kama mtu anayepuliza chai. Mnada wake ameurithi mwanafunzi wake, anayetumia kipaza sauti, jambo ambalo Baba analiona ni sawa na kushindana mbio ukiwa juu ya baiskeli.

Nyumbani kila mtu alitafuta njia yake. Mama alisogeza kiti karibu. Kasuku akajipa kazi ya ukalimani: anamkalia Babu pajani, anatega sikio, kisha anaitangazia nyumba nzima kwamba Babu anasema chumvi imepungua. Mara nyingine alichomeka ya kwake, kwamba Babu anasema Kasuku apewe soda, mpaka tukajifunza kumtazama kwanza Babu usoni kabla ya kufungua friji.

Ni mimi tu niliyekosa njia. Unakumbuka tulivyokuwa, Baba na mimi. Kila kiti kibovu alichonunua kilipita mikononi mwangu kabla ya kwenda mnadani. Mimi nagundisha miguu na kupiga msasa, yeye amekaa juu ya rundo la mbao anapiga porojo, ananitania kwamba jina la Msumari alinipa kwa sababu nikishaingia mahali sitoki bila koleo. Baada ya operesheni aliendelea kuja. Alikaa palepale, akanong'ona yake, na mimi sikumjibu. Au nilimjibu visivyo. Siku moja alisema neno, akalirudia, akalirudia tena, nami nikatabasamu na kumtikisia kichwa huku macho yangu yako kwenye ubao. Akainuka, akajipangusa vumbi kwenye suruali, akaondoka. Hakurudi tena karakana.

Baadaye Mama aliniita jikoni, akafunga mlango, akanishika mabega, akanipasulia jipu. Alisema Baba yako ana uchungu na wewe. Anasema tangu sauti imwishie umemfuta. Anasema hata paka wa jirani akiitwa naye humgeuzia sikio, lakini binti aliyemlea mwenyewe haoni haja ya kumwinulia uso. Dada, maneno yale yalinichoma. Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa, lakini nilikosa ujasiri, nikasema ni kazi zimekuwa nyingi. Mama akasema hajawahi kuona kazi inayomsahaulisha mtu baba yake. Nikanyamaza, na ndivyo tulivyoendelea kuishi, Baba na mimi, nyumba moja na meza moja, kama wapangaji waliogombania bafu. Nilikuwa nampoteza Baba akiwa amekaa mbele yangu, na nilijua kwamba nikiacha hivyo, ipo siku itakuwa nimechelewa.

Ndipo likaja lile boksi. Sijui kama unalikumbuka. Ilikuwa miwani ya maji na mirija ya kupumulia, kutoka duka moja lililofunga. Ndiyo bidhaa pekee ambayo Baba alishindwa kuiuza maishani mwake. Alinadi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, soko zima likamtumbulia macho, hatimaye mzee mmoja akauliza kama ni miwani ya kukatia vitunguu. Boksi likaenda kulala chini ya kitanda, na tangu hapo kila Mama akifagia hulitupia tusi lake. Basi jioni moja, tukiwa mezani, Baba akalitoa, akaliweka katikati ya sahani, akanong'ona maneno marefu. Wote wakanigeukia mimi. Nami nikaitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu. Mama aliacha kijiko hewani. Kasuku akanirukia shingoni. Baba alinitazama kwa mshangao, kisha, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, nikaona anacheka. Baada ya kicheko kile, hata ningeambiwa nimekubali kwenda mwezini, nisingerudi nyuma.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mama alifungasha chakula kana kwamba tunahama: mikate, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa mbili za chai, na sweta la kila mtu, ingawa jua lilikuwa linawaka. Nilimwambia majini watu hawavai sweta. Akasema majini hapana, lakini wakitoka?

Ofisi ya wale watu wa kupeleka wageni mwambani ni chumba kirefu cha mabati kando ya gati dogo. Sakafu imelowa muda wote, na kunanuka mpira na chumvi. Majaketi ya kuokolea yametundikwa kwa ukubwa, na vile viatu vya mpira vyenye umbo la miguu ya bata vimepangwa kwenye rafu. Rafu ilikuwa imeegemea upande, Dada, mtu alipiga misumari pale palipotakiwa maungio. Nilijituliza hofu kwa kufikiria namna ya kuitengeneza.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya kubebea magunia, filimbi shingoni, na sauti isiyohitaji filimbi. Baba alimkabidhi boksi lake kwa heshima zote. Mwongozaji akatoa miwani ya kwanza, akavuta mpira wake, ukakatika. Wa pili ukakatika. Akasema kwa adabu kwamba vitu hivi vingefaa makumbusho. Baba hakukasirika. Alimnong'oneza Kasuku, na Kasuku akatangaza kwamba Babu anasema basi ashukuriwe Mungu, mteja amepatikana. Mwongozaji akacheka mpaka akashika rafu, nami nikaogopa itaanguka. Tukapewa miwani yao, mizima. Ila alimwonya Baba kwamba masharubu yake yatapitisha maji, angeyapunguza ingekuwa vizuri. Baba akayashika kwa mkono kama mtu anayelinda mfuko sokoni. Masharubu yale, unajua mwenyewe, yanatuzidi umri sisi. Akapewa mafuta ya mgando ayapake, mambo yakaisha.

Kisha tukafundishwa lugha ya majini. Mwongozaji alitusimamisha mstari, akatuambia kwamba huko mdomo hauna kazi, umeziba mrija, anayetaka kusema aseme kwa mkono. Ukikutanisha kidole gumba na cha shahada vikafanya duara, unasema niko salama. Kiganja kikiyumba, kuna tatizo. Ukionyesha kidole, tazama kule. Na dole gumba juu, hapo alirudia mara kadhaa, si kwamba mambo ni mazuri. Dole gumba juu ni kusema nitoeni. Mimi nilizishika zote papo hapo, mpaka akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi hii. Baba naye hakuhitaji somo. Mtu aliyekula maisha yake yote kwa kusoma nyusi na vidole vya wanunuzi utamfundisha nini? Mama alisema ameelewa. Nawe unajua kwamba Mama akisema ameelewa upesi hivyo, ujitayarishe.

Boti ya injini ilitufikisha mwambani kabla sijamaliza sala zangu. Pale maji yanabadilika rangi ghafla, kutoka buluu nzito hadi kijani chepesi, na ukichungulia unaona vitu vinapita chini. Kasuku alijitupa kama jiwe. Mama akashuka ngazi akimwita Mungu kwa kila kipandio. Mimi nilibaki nimekamata ukingo wa boti. Baba alikuwa ameshaingia. Akageuka, akainua mkono wake kutoka majini, akaunyoosha kwangu. Hakunong'ona, alinyoosha mkono tu na kungoja. Ningewezaje kuuacha mkono ule, Dada, baada ya miezi ile yote? Nikaushika, nikashuka.

Kwanza nilifumba macho. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ndani ya mrija, kubwa na wazi, ikiingia na kutoka, na sauti ile ilinituliza kuliko nilivyotegemea. Nilipofumbua, nikaona. Nitakueleza kwa akili yangu ya useremala, maana sina nyingine. Kulikuwa na matumbawe ya duara yenye mikunjo kama kabichi kubwa, mengine yametoa matawi membamba ambayo hakuna patasi ingeyachonga bila kuyavunja, mengine mapana kama meza, na chini ya meza samaki wamekaa kama watoto wanaojificha wasitumwe dukani. Samaki wengine walikuwa na mistari ya njano na nyeusi. Mmoja wa kijani alikuwa anaguguna jabali kwa meno, akitema unga, nikajisemea huyu ni fundi mwenzangu. Nilisahau kuogopa. Nilimshukuru Mungu pale pale, kwa moyo, kwa kuwa mdomo ulikuwa na kazi nyingine.

Ghafla Baba akanivuta mkono. Akanionyesha samaki mmoja mnene, mwenye midomo minene, anayekwenda polepole kama mwenye mali. Akainua kidole kimoja, akaangaza kulia na kushoto. Akainua viwili. Nikamtazama, sijaelewa. Ndipo akafumba ngumi, akaishika juu kama nyundo, akaniinulia nyusi nyuma ya miwani. Dada, Baba alikuwa anamnadi samaki! Nikainua mkono upesi. Akanionyesha Kasuku, ambaye naye alikuwa ameinua mikono yote miwili. Nikaongeza vidole. Kasuku akaongeza, hata vya miguu angeongeza. Baba akatupandishia bei, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, akashusha ngumi kwenye kiganja chake: samaki wangu! Nilicheka ndani ya mrija mpaka maji yakaingia, nikainua kichwa nikakohoa, nikarudi haraka nisipitwe. Akanadi tumbawe la meza. Akanadi kundi zima la samaki wadogo kwa jumla. Akanadi jongoo bahari, hakuna aliyemtaka, akatuonyesha kwa mabega kwamba bidhaa za namna hiyo ameshazizoea. Kila alichosema nilikielewa. Kila utani wake ulinifikia mzima. Nililia, Dada, na miwani ya maji si mahali pa kulilia, maana machozi hayana pa kutokea.

Mama alipoona mnada umechangamka, akaja. Baba akamwonyesha samaki mwembamba wa buluu, mzuri ajabu. Mama akamtaka. Na Mama, ambaye alikuwa ameelewa, akamnunua kwa dole gumba, juu kabisa, kwa msisitizo. Mwongozaji akafika kwa kasi, akamkumbatia kwapani, akamburuta hadi kwenye ngazi. Akarudishwa baada ya maelezo, akaona mwingine, akatoa dole gumba tena, akaburutwa tena. Mwishowe alikaa kwenye boti amevaa sweta lake, akimlalamikia mwenye boti kwamba yeye alikuwa ananunua, kosa lake ni nini? Sweta, nakiri, lilimfaa.

Sasa nafika pale ambapo mkono wangu unakuwa mzito.

Tulipopanda wote, kabla injini haijawashwa, Baba alikuja akakaa kando yangu, taulo mabegani. Kasuku alikuwa miguuni petu anakula ndizi. Baba akainamisha kichwa, akawa anatazama vidole vyake vya miguu, na nikaona masharubu yanatikisika. Alisema kwa muda, akatulia, akaongeza kidogo, kisha akaniinulia macho, akangoja. Mimi nilikuwa nimejaa furaha ya mnada. Niliona ana uso mpole, nikajua ni neno zuri. Nikatabasamu, nikamwitikia kwa kichwa.

Uso wa Baba ulizimika. Aligeuka upande wa pili, akavuta taulo. Kasuku akaacha kutafuna, akanitazama kama mtu ambaye hanijui, kisha akasema kwa ile sauti yake ambayo haijui kuficha kitu, "Mama, Babu amekuuliza kama umemchoka. Mbona umesema ndiyo?"

Sikuwa na pa kujificha tena. Nikamshika Baba mkono kwa nguvu, nikamwambia kwamba sikumsikia. Akadhani nalalamikia sauti yake, akaanza kuomba radhi kwa mikono. Nikamwambia si wewe, Baba, ni mimi. Masikio yangu yanakufa. Nikamwambia yote pale, mbele ya Mama na sweta lake, mbele ya mwongozaji na mwenye boti, nikilia kama siku zile za beseni.

Na wewe nakwambia sasa, Dada. Nimekuwa nikipoteza usikivu tangu kabla ya operesheni ya Baba. Ulianza mlio, kama nyenje ameingia kichwani akakataa kuhama. Halafu ndege wa asubuhi wakapotea, halafu birika likichemka, halafu maneno yakaanza kunifikia yamekatwa mwisho. Ni ile misumeno na mashine za randa, miaka yote hii, na mimi nikijiona jasiri kwa kukataa kuziba masikio. Watu wengine nawasoma midomoni. Mama namsikia kwa sababu hunisemea usoni akiwa amefura. Kasuku ni Kasuku. Lakini Baba ananong'ona, masharubu yamemfunika mdomo wote, na huinamisha kichwa kwa kuionea haya sauti yake. Sauti yake mpya sijawahi kuisikia hata siku moja. Kwangu mimi Baba alitoka hospitali akiwa bubu, na kila nilipomtikisia kichwa nilikuwa nabahatisha.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Fundi asiyesikia msumeno ukibadili mlio huondolewa kwenye msumeno, nami sina kazi nyingine ninayoijua. Na nyumba ilikuwa na mgonjwa tayari. Niliona aibu kupandisha shida yangu juu ya yake. Nikachagua nionekane nina kiburi kuliko nionekane kiziwi. Na sasa jibu la swali lako: sikukubali kwenda baharini, Dada. Siku ile ya boksi nilidhani Baba anauliza kama tulitupe.

Niliposema hilo, ukimya ulikuwa mkubwa hata mimi niliutambua. Kisha mabega ya Baba yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na alipomaliza kucheka ndipo akalia. Alinivuta, akanikumbatia akiwa bado amelowa maji ya chumvi, akasema neno. Kasuku akanipigia kelele sikioni kwamba Babu anasema asiyesikika amemzaa asiyesikia. Mama akanipiga kofi la bega kwa kuwa nilimficha, halafu akanivisha sweta.

Jumatatu yake, nilipofika mezani kunywa chai, nilimkuta mzee mmoja ambaye sikumtambua. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe, mwembamba, wenye kovu dogo ambalo hata Mama alikuwa amelisahau. Baba alikuwa amenyoa. Aliniinulia uso, akasema polepole, akitamka kila silabi, "Msumari, umeamkaje?" Nikamsoma. Nikamjibu nimeamka salama, Baba. Nilishindwa kunywa chai.

Alinisindikiza hospitali mwenyewe. Kwa mwandikishaji tulikuwa kichekesho, Baba hasikiki anachosema na mimi sisikii ninaloulizwa, lakini tulifika kwa daktari. Amesema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na kipo kifaa cha kuvaa sikioni kitakachonisaidia. Nimepimwa, nakingoja. Mkubwa wa karakana hakunifukuza. Amenihamishia kwenye kazi za mkono, kuchonga na kuunga, na ametoa amri kwamba anayewasha mashine bila kuziba masikio aende nyumbani. Namshukuru sana. Baba amerudi juu ya rundo lake la mbao. Anazungumza kwa mdomo na mikono kwa pamoja, na wenzangu nao wameanza kumwiga. Nimepata zaidi ya nilichopoteza, Dada, na sisemi hivyo kukutuliza.

Limebaki lako. Ile asubuhi uliyonipigia simu, nikiwa hapa kazini, ulizungumza muda mrefu. Nilijua ni wewe kwa kuwa jina lako lilikuwa kwenye kioo. Sikupata hata neno moja. Ulipotulia nikadhani umemaliza, nikasema, "Hongera sana, Dada." Ukakata simu. Tangu siku hiyo unapiga kwa Mama tu. Nimemuuliza Mama ulikuwa na habari gani, anasema hukumwambia lolote. Nimejaribu kujiambia kwamba huenda lilikuwa jambo la kupongezwa. Lakini mtu aliyepongezwa hakati simu. Kama ulilia, Dada, sikusikia.

Baba anakusalimu sana, Mama vilevile. Kasuku ametaka niandike kwamba samaki wa buluu alikuwa wake. Shemeji yako angekusalimu angekuwepo. Mungu akulinde na akupe nguvu. Na hilo uliloniambia siku ile, nakuomba uniambie tena. Usipige simu, liandike, lote, hata kama limeshapita na limeshapoa. Nitalisoma neno kwa neno, na sitakujibu kitu mpaka niwe nimelielewa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Msumari